Matairi ya Mikayi

Lambwe, Jumatatu mchana

Kwa rafiki na dada yangu Asmaa,

Amani ya Mungu iwe nawe huko Garissa. Mama yako anaendeleaje na goti lake? Mwambie namwombea kanisani ingawa yeye ni wa msikitini. Goti halina dini. Sisi tu wazima, ng'ombe ni wazima, na mahindi yametoa mbelewele. Asiye mzima sana ni mimi.

Najua mume wako Ahmednur amekwisha kukueleza jinsi nilivyomfokea dukani kwake Migori mbele ya wateja. Kabla hujamwamini, sikiliza upande wangu. Ningekupigia, lakini wewe huiweka simu sauti ya juu na nyumba nzima inapata habari.

Unamjua Job wangu. Tangu amwoe Lynnet kuwa mke wa pili, akimnunulia mmoja wetu sufuria, mwenzake naye lazima apate sufuria. Ndiyo maana tuna magari mawili madogo ya aina moja: langu la kubebea viazi vitamu, na la Lynnet la kwendea Isebania kuchukua vitenge. Lakini mwezi uliopita alirudi kutoka kwa Ahmednur na matairi mapya manne, yote ya Lynnet, risiti ikiwa na jina la Lynnet na namba ya simu ya Lynnet. Mimi niliambiwa nisubiri mavuno. Asmaa, wivu ulinijaa hadi chai ikanishinda.

Nikamkumbusha Job kwamba katika boma la Mjaluo, mikayi, yaani mke wa kwanza, ndiye hutangulia. Mbegu huanza kupandwa kwangu, mavuno huanza kuliwa kwangu. Basi na matairi yaanzie kwangu. Shemeji yangu Fanuel akasema hiyo ni haki yangu. Lynnet akasema sawa, mikayi, akatabasamu. Heri angenitukana! Matairi mapya yakaja kwangu, vipara vyangu vikaenda kwake. Wiki hiyo nililala usingizi wa mtoto.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nampeleka binti yangu Cate shuleni Asumbi, sanduku na godoro nyuma. Tulipoiacha Homa Bay mjini nikaona kwenye kioo gari la Lynnet linatufuata, taa zinawaka, honi haikatiki. Nikajua anataka kunipita mbele ya watu ili aonyeshe kwamba hata kwa matairi yangu ya kale ananishinda. Nikakanyaga mafuta. Cate akaniambia mama mdogo anapunga mkono, tena kama analia. Nikamwambia atazame mbele. Nikakanyaga zaidi.

Alitupita mlimani, akaliweka gari lake katikati ya barabara. Nilishuka nikiwa na matusi tayari mdomoni. Yeye alininyooshea simu yake tu. Kampuni inayotengeneza matairi yale ilikuwa imewatumia wanunuzi ujumbe: ngozi ya juu ya tairi, ile inayokanyaga lami, hubanduka gari likishika kasi, msiyatumie, yarudisheni. Alikuwa amenipigia simu bila kunipata, kwa sababu namba yake nilikuwa nimeifungia tangu Pasaka. Tukazunguka gari pamoja. Tairi la nyuma, upande aliokaa Cate, lilikuwa limetoa nundu kubwa kama embe. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi.

Tulimfikisha Cate shuleni kwa gari la Lynnet, na kwa gari hilo hilo nikaenda kumfokea mumeo; kwa hilo naomba radhi kwake na kwako. Yeye aliuza alicholetewa. Alipiga simu kwa kampuni mbele yetu, na bwana mmoja huko Nairobi akaanza kusema labda ni mashimo ya barabara zetu, labda ni uzito wa viazi. Lynnet akaomba simu. Akamuuliza, kama kosa ni la viazi vya Lambwe, mbona wameagiza hata matairi yaliyo dukani, ambayo hayajabeba kiazi hata kimoja, yarudishwe? Yule bwana alikohoa, kisha akakubali kwamba walikosea kiwandani na watatupa mengine bure. Duka zima lilimpigia Lynnet makofi. Na mimi, mwanangu akiwa hai kwa sababu yake, nilisimama pale nikimwonea wivu kwa makofi yale.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Matairi ya badala yalifika Jumamosi, na Lynnet mwenyewe akasema yaanzie kwangu, maana mimi ndimi mikayi. Nikasema hapana, safari hii aanze yeye. Job alinisifu mbele ya watu, Fanuel akasema nimekomaa. Asmaa, haukuwa ukarimu. Sikuiamini ile kampuni, nikataka matairi yajaribiwe kwanza chini ya mtu mwingine. Tena tangu Alhamisi najiuliza: ujumbe ule ungekuja kwangu, naye ndiye aliye barabarani, ningemkimbilia? Jibu silipendi.

Leo alfajiri ameondoka nayo kwenda Isebania. Nilimwona akipita langoni nikataka kumwita, nikaishia kupunga mkono. Namba yake nimeifungua. Nimeandika barua hii yote simu ikiwa karibu na mkono, na viazi vimeungua jikoni.

Msalimie mama, watoto, na yeyote atakayesomewa barua hii, maana nakujua. Rudi upesi, Migori haina ladha bila wewe.

Ni mimi dada yako,
Phelesia

Kabla sijaifunga bahasha simu imelia. Amefika salama. Anauliza aniletee kitenge gani. Nimelia kidogo, kisha nikamwambia aniletee kama atakachochukua yeye, ila changu kikolee rangi zaidi.