Sufuria Haina Kalori

Baba Bravin,

Nimeenda Keringet kuchukua viazi, nitarudi jioni. Ugali iko kwa hotpot, sukuma iko kwa sufuria ndogo. Mama yako apewe uji saa nne, na tafadhali usimsomee kalori. Amekula ugali miaka themanini bila kuuliza simu.

Pole kwa kutoka bila kuaga. Lakini leo asubuhi umenisomea hesabu ya kalori kwa simu yako mbele yake, eti chakula yangu ndiyo inakunenepesha, eti ugali ya jana ilikuwa kilo tatu na nusu. Hongera, injinia wa stima kule Olkaria. Uliipima kabla sijaigeuza kwa sahani, ikiwa bado ndani ya sufuria, na mwiko juu yake. Sufuria haina kalori, mpenzi, hata vile huwa unaikwangua.

~~Supper jipikie.~~ Nitapika. Wewe toa tu yale mandazi kwa mfuko wa ovaroli kabla sijafua. Na hayo pia uyaandike.

Kitu ingine. Kwa hiyo simu umeandika sukuma yangu ina vijiko vinne vya mafuta. Hiyo ni ya zamani. Tangu siku ile daktari alikuambia presha itakumaliza, na mimi nimekaa hapo kando yako, naweka kijiko kimoja. Wiki ya sita sasa hii, na kila jioni unaniambia leo nimepika tamu kushinda jana.

Hiyo nayo uliiandika wapi?

Mama Bravin