Kura Moja ya Alder Creek

Alder Creek, Kansas
Jumatatu, Novemba

Mpendwa dada Arlys,

Shikamoo dada. U hali gani huko Wichita, na goti lako linasemaje siku hizi? Sisi huku wazima wa mwili. Roho ndiyo imekosa pa kukaa.

Matokeo umeshayasikia. Chama chetu kimeanguka, na gavana mpya ni wa wale wengine. Mume wangu Galen, mwenyekiti wa chama hapa, ameling'oa bango uani kwa mateke. Lakini gavana siye anayemkosesha usingizi. Ni karatasi ya matokeo iliyobandikwa mlangoni pa ukumbi. Unakijua kituo chetu, wapiga kura wote tunaenea kanisani na mabenchi yanabaki. Tangu enzi za babu hakijatoa hata kura moja nje ya chama. Safari hii imetoka moja.

Basi mji mzima umegeuka wapelelezi! Mkahawani watu hawanywi kahawa, wanachunguzana tu. Galen anaapa kwamba akimjua huyo msaliti, hatalala naye mji mmoja. Anayasema hayo huku mimi namkaangia mayai.

Juzi wakaamua kuwa ni Verlin, jirani yetu mgane. Ushahidi? Eti aliwahi kusema mgombea wa wale wengine ana adabu. Jamani! Sasa hakuna anayeketi meza yake, na trekta lake lilipokwama matopeni, watu walipita wakimpigia honi na kucheka.

Nikampelekea supu, nikamsihi awakatalie. Akaniambia nisijisumbue, ameshakubali mbele yao kwamba ni yeye. Kura yake anaijua, akasema, na yangu anaijua pia, maana alisimama nyuma yangu na kuiona karatasi yangu kabla sijaikunja. Yeye anakula peke yake tangu mkewe Opal afariki, hana cha kupoteza. Mimi nina nyumba, ninyamaze.

Ndiyo, dada, ni mimi. Wale wengine waliahidi kutoifunga hospitali yetu, na Kendra wangu anajifungua Januari. Hospitali nyingine ni mwendo wa saa mbili, tena kama hakuna theluji. Nilimfikiria mwanangu, chama sikukikumbuka. Sijuti hata kidogo. Ila naogopa, dada. Miaka yote hii sijawahi kumpinga Galen hata kwa rangi ya pazia.

Jumapili ni chakula cha shukrani kanisani. Galen atakaa na wakubwa wa chama, na kiti changu kiko kando yake kama kila mwaka. Nitaoka pai mbili za maboga. Moja nitaiweka mbele yake. Ya pili nitaipeleka mezani kwa Verlin, nami nitaketi hapo hapo, wote wanione. Galen si mjinga, ataelewa kabla sijashika kisu cha kukatia pai.

Nisalimie sana shemeji na watoto, na goti ulikande kwa maji ya moto. Halafu, dada, nitandikie kile kitanda cha chumba cha nyuma. Mungu akinijalia, kitabaki kitupu.

Mdogo wako,
Lorene