Waraka wa Gari Jekundu

Kariakoo, 4 Februari 2023

Dada Joyceline,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo, sijui wewe na baridi ya Japani. Mama nimeongea naye juzi, mguu umepungua kuvimba, anauliza unakula nini huko. Caroline anakusalimia. Tumbo limefika miezi minne, na harufu ya kitunguu haitaki hata kuisikia.

Dada, nimenunua gari. Usigune. Ni spoti ya milango miwili, nyekundu, ya mwaka 2003, imetoka hukohuko uliko. Miaka kumi na miwili nauza shokapu na breki za magari ya watu hapa mtaa wa Gerezani, nikaona na mimi niwe na langu. Jirani yangu wa duka, Mzee Praful, kalizunguka mara mbili akasema, "Hillary, hii gari ya kijana hana mke." Tulicheka sana.

Sasa, wewe uko yadi ya magari na Kijapani unakisoma. Nimekutumia picha ya namba ya chesisi. Niangalizie kama kilomita ni za kweli au kuna mtu kazirudisha nyuma.

Mdogo wako,
Hillary

*

Nagoya, 9 Februari 2023

Mdogo wangu Hillary,

Marahaba. Mimi mzima, theluji tu ndiyo inanikera. Mwambie mama nakula wali kama yeye, samaki ndio wengi mno. Caroline apumzike, asibebe ndoo.

Kilomita ni za kweli. Lakini nisikilize vizuri sasa. Kiwanda kina orodha ya magari yenye kasoro za hatari, unaingiza namba ya chesisi inakuambia. Yako imo. Magari ya toleo hilo yaliitwa yarudi kiwandani kwa sababu ya eabegi, ule mfuko unaofumuka kwenye usukani ukigonga. Ndani yake kuna kikopo cha chuma chenye baruti. Mahali penye joto na unyevu, baruti inaharibika kadiri miaka inavyokwenda. Siku mfuko ukifumuka, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia dereva usoni na shingoni. Watu wamekufa kwa ajali ndogo ambazo zingewaacha na michubuko tu.

Barua za kuliita gari lako zilipelekwa kwa Mjapani aliyelimiliki mwisho. Alikuwa ameshaliuza. Kwenye orodha imeandikwa: haijabadilishwa.

Kuna pia waraka wa mafundi kuhusu mpira wa petroli, huo badilisha tu. Nimekutumia karatasi zote mbili, ya eabegi na ya mpira, nimezitafsiri kwa Kiswahili uchapishe. Hillary, usiliendeshe gari hilo mpaka eabegi itolewe. Hata kwenda sokoni.

Dada yako,
Joyceline

*

Kariakoo, 2 Machi 2023

Dada,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri, mvua zimeanza na mtaa umejaa matope. Mama hajambo.

Karatasi ya eabegi nimechapisha. Fundi Elimringi kaisoma, kacheka, kasema, "Hili gari lina miaka ishirini, lingeua lingeshaua." Wakala wa kampuni hapa mjini kaniambia wataagiza eabegi mpya, ila nisubiri miezi mitano, labda sita. Nikamwambia Elimringi basi aitoe tu. Kasema akiitoa, taa nyekundu itawaka kwenye dashibodi daima, na siku ya kuliuza kila mtu atauliza.

Nililiendesha mara moja, kutoka gereji hadi nyumbani. Njia nzima nilikaa upande upande kama mtu mwenye jipu. Sasa liko chini ya turubai.

Mdogo wako,
Hillary

*

Kariakoo, 28 Machi 2023

Dada Joyceline,

Shikamoo. Mama kaniambia kifua kilikuwa kinakusumbua, natumaini kimepona. Sisi wazima.

Nilitaka tu ujue lile gari nimeliuza. Kalichukua Abdulmajid, yule muuza mapazia wa Mtaa wa Congo, anakaa Magomeni na mkewe Mgeni. Wote wawili walikuja. Mgeni alikaa kwenye usukani akapiga honi kama mtoto. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Mdogo wako,
Hillary

*

Nagoya, 30 Machi 2023

Hillary,

Marahaba. Kifua kimepona, asante.

Nashukuru umeachana nalo. Umemwambia kuhusu eabegi? Karatasi umempa? Nijibu hilo tu.

Dada yako

*

Kariakoo, 2 Aprili 2023

Shikamoo dada. Nimemwambia. Kasema atashughulikia. Usiwe na wasiwasi.

Hillary

*

Kariakoo, 19 Novemba 2023

Dada Joyceline,

Shikamoo. Nisamehe, tangu nilipokutumia picha za mtoto mwezi wa saba sijakuandikia. Rachel anakua, ana meno mawili, anang'ata kila kitu. Mama alikuja kumwona akakaa wiki tatu. Biashara ipo. Wewe hali yako?

Hapa tuna msiba. Mgeni, mke wa Abdulmajid, amefariki tarehe saba. Alikuwa anaendesha, mumewe pembeni. Pale Magomeni, bajaji ilisimama ghafla, naye akaigonga kwa nyuma. Mwendo wa polepole, dada. Bajaji ilibonyea kidogo tu, abiria wake akashuka akaenda zake. Watu walipofungua mlango wa gari wakamkuta Mgeni amechanika shingo, na Abdulmajid amejaa damu, anamshika.

Polisi wamemkamata Abdulmajid. Daktari ameandika jeraha la kitu chenye ncha kali. Majirani wamesema asubuhi ile waliwasikia wakigombana. Kesi ya mauaji haina dhamana, yuko mahabusu. Nimeenda mazikoni. Mama yake Mgeni hakulia. Alikuwa anamwuliza kila anayeingia, "Kisu wamekiona?"

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Duka nafungua kama kawaida.

Mdogo wako,
Hillary

*

Nagoya, 20 Novemba 2023

Hillary,

Leo sitakuuliza habari za mama wala za mtoto.

Hakuna kisu. Unajua na mimi najua. Ni lile gari, ni kile kikopo.

Nimekaa tangu asubuhi na swali moja. Uliniambia ulimweleza. Kama Abdulmajid aliambiwa kwamba usukani wake una vyuma vinavyoweza kumkata mtu shingo, kwa nini hakuwaambia polisi siku ya kwanza? Mtu anaponing'inia kwenye kesi ya kumuua mkewe, asiseme neno linaloweza kumtoa?

Hakusema kwa sababu hajui.

Chukua ile karatasi, nenda kituoni leo.

Joyceline

*

Nagoya, 3 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Wiki mbili kimya. Simu hupokei. Caroline ameniambia hujaugua, uko dukani, unakula kidogo. Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nimelia tena. Wewe ndiye uliyenisindikiza mpaka uwanja wa ndege nilipoondoka, ukalia mpaka askari akakuuliza una nini. Sikutaka kuandika ninachoandika sasa.

Najua unaogopa kufungwa. Najua una mtoto wa miezi mitano. Abdulmajid naye alikuwa na mke.

Nakupa hadi Krismasi. Ikipita, nitaituma karatasi mwenyewe kwa ndugu zake, pamoja na barua yangu ya tarehe tisa Februari ikiwa na jina lako juu yake.

Bado ni dada yako,
Joyceline

*

Kariakoo, 14 Januari 2024

Dada Joyceline,

Shikamoo. Mama mzima. Rachel mzima. Wako wote kijijini Kibosho, Caroline kamchukua mtoto wakaenda huko. Hakupiga kelele. Alipanga nguo kwenye begi, akaniuliza mara moja tu, "Ungeniruhusu mimi niliendeshe?"

Nilienda kituoni tarehe ishirini na nne Desemba. Sikwenda kwa ushujaa, niliogopa siku uliyonipa. Mpelelezi alisoma karatasi yako mara mbili. Tukatoka hadi uwani, gari liko palepale juani, damu imekauka ikawa nyeusi. Akachana kiti cha dereva kwa wembe, sehemu ya kuegemeza kichwa, akaingiza vidole. Akatoa kipande cha chuma, kimejikunja, kikubwa kama kucha ya dole gumba. Akakiweka kwenye bahasha. Kisha akaniuliza, "Wewe ulijua lini?" Nikamwambia Februari. Akaandika.

Sasa nikuambie la gari, maana lile la Aprili nilikudanganya. Siku wanalinunua, Abdulmajid aliniuliza mbele ya mkewe, "Hillary, kuna kitu natakiwa kujua?" Karatasi yako ilikuwa kwenye droo ya kaunta, nimeegemeza tumbo hapohapo. Nikamwambia, "Oili nimemwaga nikaweka mpya mwezi uliopita." Basi. Mgeni akasema, "Unaona? Mtu mwaminifu."

Wamemwachia Ijumaa. Siku sitini na sita. Nilienda kumsubiri nje, nikasimama mbali na ndugu zake, lakini aliniona akaja mwenyewe. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja. Nilikuwa nimejiandaa anipige. Nilitamani anipige.

Akaniambia asubuhi ile waligombana kwa sababu Mgeni hakutaka kuendesha. Alisema barabara inamtisha. Yeye ndiye aliyemlazimisha, akamwambia atajifunza lini.

Halafu akasema, na dada, sauti yake ilikuwa ya upole kabisa: "Huko ndani nilishaanza kuamini. Kila siku wananiuliza kisu uliweka wapi. Nikaanza kujiuliza, labda ni kweli nilikuwa nacho. Nikaanza kukitafuta kichwani."

Akaniangalia kidogo, akarudi kwa ndugu zake.

Siku zote hizo sitini na sita nilifungua duka saa mbili, nikauza breki.

Kesho naripoti kituoni tena. Mpelelezi amesema nije na nguo za kubadilisha. Funguo za duka nimemwachia Mzee Praful. Alizipokea bila kuniangalia.

Usinitafutie wakili. Nitakapoulizwa nitasema kama nilivyokuandikia hapa.

Mdogo wako,
Hillary