Habari ya Firigisi Mbili Umempa Kabula

Mama yangu,

Hili sijamwambia mtu, hata kwenye kitubio: namwonea Kabula wivu, na sababu ni wewe.

Shikamoo. Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila maharage ya huku shuleni Biharamulo yana mawe.

Mwalimu wa jiografia alituuliza majina ya ajabu ya kwetu yametoka wapi. Nikasimama. Kata nzima ya Keza kuna kitongoji gani kingine kinachoitwa Firigisi Mbili? Lakini ulimi ukakauka, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kabula, yule rafiki yangu Msukuma wa kitanda cha juu, akadakia, "Mwalimu, ngoja nimsaidie huyu mwenye aibu."

Nilidhani atasema ile ya babu, kwamba wakwe wawili walipigania firigisi ya jogoo mmoja, kila mmoja akidai ndiye mgeni mkubwa. Au ile ya shangazi, kwamba walichinja na jogoo wa katekista bila kumwomba, ili firigisi ziwe mbili. Akaleta nyingine kabisa. Eti mama mwenye nyumba aliila firigisi mwenyewe jikoni, akionja chumvi. Kisha akamnong'oneza kila mkwe, "Mwenzio asijue, yako nimeificha chini ya ndizi." Kila mmoja akapekua ndizi zake, hakuona kitu, akaona aibu kuuliza, akajipangusa mdomo. Wakarudi kwao kila mtu akijisifu kaila yeye. Ndiyo zikawa mbili.

Darasa lilicheka mpaka mwalimu akavua miwani.

"Nani kakusimulia?" akamuuliza Kabula.

"Mama yangu wa Keza."

Mama yangu wa Keza! Kumbe siku ile kwenye simu ya matroni, nilipokuamkia nikaishiwa maneno nikampa yeye simu, ndicho mlichokuwa mnachekea. Mimi nimekulia humo ndani, hujanisimulia hiyo hata siku moja. Na sasa anasema umemkaribisha likizo. Nilitaka umwambie nyumba imejaa.

Mama, nitafutie na mimi moja ambayo yeye hajaisikia.

Nisalimie babu na shangazi, ila kila mmoja peke yake, wasije wakaanza ya jogoo. Mdogo wangu Deo aache sweta langu.

Nasikia ndala za Kabula mlangoni. Tangu mchana, mtu akipita nafunika karatasi hii kwa daftari la hesabu. Yeye simfunikii. Kusoma anajua, asome.

Mwanao wa tumbo lako,
Adelina