Mkurugenzi Alisoma Jalada la Nyuma

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikiomba barua hii ikukute mzima na huo mgongo umekuachia kidogo. Wifi hajambo? Mwambie gauni alilonishonea lilisifiwa ukumbi mzima, hata na wale ambao kwa kawaida husifu vya kwao tu. Watoto wabusu, yule mtundu mara mbili. Mimi mwili haujambo. Ya moyo utayasikia.

Najua utashangaa mtu aliyeandika kitabu kizima kuhusu mitandao ya kijamii na kujifunza kazini anakutumia karatasi. Ningeweza kukupigia kwenye simu yako ile ya vitufe, lakini sikutaka uyapokee haya nikiwa nalia sikioni mwako. Nimempa dereva wetu akuletee nyumbani, si kazini.

Uzinduzi ulifanyika jana mchana kwenye ukumbi wa kampuni, ghorofa ya juu kabisa. Na ndiyo, lifti ilikwama, kwetu sisi kampuni ya kutengeneza lifti. Cheka tu. Ilikwama na mchapishaji wangu ndani pamoja na maboksi ya vitabu, na mafundi wako wawili wakakimbilia chumba cha mota wakiwa wamevaa tai. Walipomtoa alikuwa ameloa jasho, akaniuliza kama na hilo limo kitabuni. Kiti chako nilikiwekea begi langu mpaka mwisho, ingawa uliniambia mapema kwamba huwezi kuwaacha wanafunzi peke yao na mashine iliyofunguliwa.

Nilipoitwa nilieleza jinsi kundi la simu la mafundi wetu linavyofanya kazi. Fundi yuko peke yake juu ya jengo, anarekodi mngurumo wa mota, anautuma, na kabla hajashuka wenzake wamekwisha kumwambia afungue breki aisafishe. Watu walifurahi sana. Nikawaambia pia yale niliyoyaandika katika sura ya nne, kwamba wanaojibu sawasawa ni wale waliopitia karakana yako ya mafunzo, uliowaamuru waweke kiganja juu ya mota wamefumba macho mpaka waijue iliyo nzima na iliyo mbovu. Waliobaki wanabahatisha, au wanaweka alama ya kidole gumba na kupita. Hapo niliona vichwa vimeinamia simu.

Kisha akasimama mkurugenzi. Akakiinua kitabu, akakigeuza, akasoma jalada la nyuma. Maneno yale ni yangu, kaka. Mchapishaji alitaka sentensi ya kumvuta mnunuzi, nami nikampa hii: karakana ya leo iko mfukoni mwako. Siku ile nilijiona mjanja kweli. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akasema kitabu kimemfumbua macho, kwamba kampuni lazima iende na wakati, na kwa hiyo mwisho wa mwezi huu karakana ya mafunzo itafungwa. Chumba kitakuwa stoo. Wafanyakazi wapya watajifunza kwa simu wakiwa kazini, na mkufunzi ataagwa kwa shukrani. Mkufunzi ndiye wewe, hatuna mwingine.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilikuwa nimekaa mbele, na unajua desturi ya pale kazini, mkubwa akishusha sauti tu watu wanapiga makofi. Mikono ilitangulia akili. Nilipoelewa alichosema, mikono yangu ilikuwa bado inapiga. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Nilimfuata kwenye ujia, nikamsihi asome sura ya nne. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba ataisoma akipata nafasi, ila uamuzi ulikwisha kupitishwa kitambo, kitabu kimempa tu maneno ya kuusemea. Halafu akanitaka niongoze kitengo kipya cha mafunzo ya simu. Nimekataa. Najua kukataa kwangu hakukurudishii karakana yako, na sikuandikii ili unisifu.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya niandike leo leo. Mtu aliirekodi hotuba ile, na kabla soda hazijaisha ilikuwa imefika kwenye kundi. Naonekana vizuri, nimevaa gauni la wifi, napiga makofi. Mafundi wote wameiona, na wanafunzi wako wote wameiona. Kundi lile ambalo halijui kunyamaza, tangu jana hakuna aliyeandika hata neno.

Kwa hiyo, kaka, kama asubuhi ya leo waliwahi kufika, wakakupokea begi mlangoni, wakafagia bila kuambiwa na kukuitikia upesi kuliko kawaida, na wewe ukadhani kuna kitu wamevunja wanakificha, hawakuvunja kitu. Walikuwa wanajua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwa wa kwanza kukwambia. Kesho usiwagombeze.

Nitakuja kesho jioni nikitoka kazini. Kama hutaki kuniona, mtume wifi aje mlangoni aniambie, nitarudi bila kinyongo. Wape wote salamu zangu, na ule kabla hujalala, tafadhali.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenifundisha kushika bisibisi.