Sindano Iliyokutwa Mfukoni mwa Fundi Rotich

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bethwel Khisa
Umri: Miaka 46
Kazi: Kibarua wa shamba la mahindi
Makazi: Kambi ya vibarua, Endebess. Nyumbani ni Kabuchai, Kaunti ya Bungoma
Tarehe: Jumatano, 15 Oktoba 2025
Mwandishi: Konstebo Linet Jerono

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo mimi naongea na Madam anaandika. Sikuitwa hapa. Nimekuja mwenyewe kwa sababu ya fundi wa pikipiki anayeitwa Kipkemboi Rotich, ambaye mlimfungia selo jana kwa kupatikana na pikipiki ya wizi. Pikipiki hiyo ni yangu. Rotich hakuiiba. Yeye ndiye aliyeipata na kuniita.

Kuhusu pikipiki: ni nyekundu, ya zamani, na Rotich ndiye fundi wake. Ana kibanda hapa Kitale, kando ya steji ya boda boda. Mwezi wa Agosti mwaka huu mama yangu alikuwa na kidonda cha mguu huko Kabuchai, na nikawa naomba ruhusa kazini kwenda kumpeleka hospitali ya Lugulu kuoshwa kidonda. Safari ya kwanza pikipiki ilinisumbua sana. Huku juu ilikuwa inaenda vizuri, lakini nilipoteremka upande wa Bungoma ikaanza kukohoa. Ukivuta mafuta kidogo inaenda. Ukifungua yote inaenda. Lakini pale katikati, pale mtu anaendeshea siku nzima, inakatakata, na injini inawaka moto mpaka inachoma goti. Mama alikuwa nyuma yangu na mguu wake umefungwa kitambaa. Kila ikikata alikuwa anashika koti langu na kutaja jina la Yesu.

Niliporudi nilimweleza Rotich. Alifungua plagi akanionyesha, ilikuwa nyeupe kama mfupa. Akasema injini inakosa petroli. Alinieleza hivi: huku kwetu juu hewa ni nyepesi, petroli kidogo inatosha; kule chini hewa ni nzito, inataka petroli zaidi. Ndani ya kabureta kuna sindano nyembamba inayoziba tundu la petroli. Ukiiinua kidogo, petroli inapita zaidi. Pikipiki zingine sindano yao ina mifuo mingi, yaani mikato, ya kuhamishia juu na chini klipu inayoishikilia. Yangu ina mfuo mmoja tu. Kwa hiyo dawa ni kuweka washa, yaani kichuma kidogo cha duara chenye tundu, chini ya hiyo klipu, ili sindano ikae juu zaidi.

Washa nyembamba vile hazikuwepo kwake. Nilikuwa na redio iliyokufa, nikampelekea. Akaifungua akatoa washa mbili za shaba. Akaweka moja, akaniambia niiendeshe mpaka mzunguko wa barabara na nirudi. Bado ilikohoa. Akaweka ya pili. Hiyo ya pili ilikuwa pana, inagusa spring, kwa hiyo akaipiga tupa ubavu mmoja mpaka ikawa kama mwezi ulioliwa. Alifungua na kufunga hiyo kabureta mara nyingi na hakununa hata kidogo. Mimi nimefanya kazi chini ya watu wengi. Watu wa namna hiyo ni wachache.

Wakati naondoka aliniambia, "Khisa, ukirudi kukaa huku juu pitia hapa nitoe moja. Usipopita itakuwa inatoa moshi kama jiko la kuni."

Nilienda nayo Kabuchai na haikukata tena. Mama alisinzia mgongoni mwangu njia yote ya kwenda Lugulu.

Sikupata nafasi ya kumrudia Rotich. Jumamosi tarehe 30 Agosti niliegesha pikipiki nje ya kinu cha kusaga, huko huko Kabuchai, nikaingia kungoja unga. Nilipotoka haikuwepo. Niliripoti kituo cha polisi cha karibu na nikapewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio, ambayo nimempa Madam. Tangu siku hiyo mama amekuwa akibebwa na majirani wakipata nafasi. Wasipopata, kidonda kinakaa hivyo hivyo.

Jana, Jumanne tarehe 14 Oktoba, tulikuwa tunakata mahindi. Kama saa nne asubuhi Rotich alinipigia simu. Alikuwa anaongea chini chini. Alisema, "Khisa, pikipiki yako iko hapa kwangu. Kuja haraka na usiambie mtu."

Nikamwuliza amejuaje, maana mimi mwenyewe nilishaikatia tamaa. Akasema kijana wa boda anayeitwa Tonny ameileta asubuhi, analalamika inakunywa petroli na kutoa moshi mweusi. Namba ni zingine, tangi limepakwa rangi ya bluu, namba ya injini imesuguliwa. Rotich hakuitambua. Alifungua kabureta kama ya mtu yeyote, akavuta sindano, akakuta washa mbili za shaba, na ya chini imepigwa tupa ubavu mmoja. Aliniambia, "Bana, ni mkono wangu. Nimekaa chini."

Nilimwuliza kwa nini hajaita polisi. Akasema, "Na wakinikuta nayo kwangu, wewe hauko, nitasema nini?" Kwa hiyo alimdanganya Tonny kwamba sindano imelika na anatafuta nyingine, arudi jioni. Kisha akaweka sindano mfukoni, na washa zake. Bila sindano pikipiki inafurika petroli na kuzima. Alitaka isiondoke kabla sijafika.

Hapo ndipo alipokosea, na hilo kosa nalieleza kwa sababu Madam ametoka kaunti nyingine. Hapa Kitale fundi wa pikipiki anatandika gunia. Kila anachofungua anakipanga juu ya gunia, mbele ya macho ya mwenye pikipiki, hata skrubu. Ni kwa sababu kuna mafundi wanaotoa spea nzuri na kukurudishia iliyochoka. Kwa watu wa boda, kitu kisichokuwa kwenye gunia kimeibiwa. Hakuna kuuliza.

Mwenye shamba aliniruhusu, na pikapu ya maziwa ikanibeba mpaka Kitale. Namshukuru na dereva pia. Nilifika ikikaribia saa saba na nikakuta kelele. Tonny hakungoja jioni. Alirudi mapema na wenzake wa steji, akaangalia gunia, hakuona sindano. Wakamtikisa Rotich, sindano ikaanguka kutoka mfukoni. Mmoja alikuwa anasema, "Fundi, ulidhani nduthi ya Tonny ni maiti, unatoa viungo?" Nduthi kwa lugha yao ni pikipiki. Mwingine akasema, "Leo utaimeza hiyo sindano na kabureta yake!" Walikuwa wanacheka, lakini walikuwa pia wanampiga, na mmoja alikuwa ameshika mtungi wa petroli. Nilisema kwa sauti pikipiki ni yangu. Wakaniuliza, "Mzee, wewe ni wakili ama ni mvuna mahindi?" Nilikuwa na majani ya mahindi kichwani. Wakanisukuma.

Aliyemwokoa ni mama wa chai, Phelista, tunamwita Mama Kevin. Kibanda chake kimegusana na cha Rotich. Alimvuta Rotich kwa ukosi kama mtoto, akamtupa ndani, akafunga mlango na kusimama mbele na sufuria. Akawaambia, "Mwenye anataka kuingia aingie. Maji yamechemka na majani sijaweka."

Tonny akamwambia, "Mama Kevin, si wewe utoke tu, hii si maneno yako."

Akamjibu, "Ni yangu. Asubuhi umekula mandazi yangu ukaniita mama. Sasa mama amesema hapana."

Hakuna aliyeingia. Polisi wakafika, nawashukuru kwa hilo. Lakini walikuta pikipiki yenye namba ya injini iliyosuguliwa, kwenye kibanda cha fundi, na watu hamsini wanapiga kelele kwamba sindano imetoka mfukoni mwake. Wakamchukua yeye. Nilijaribu kueleza nikaambiwa nije leo niandikishe.

Leo asubuhi Tonny alinipata hapo nje langoni. Simlaumu sana. Ameniambia aliinunua Bungoma kwa mtu asiyemjua vizuri, na anaogopa kuingia kwenye kesi. Ameniambia, "Mzee, sema tu ni fundi. Ukisema ni fundi hii maneno inaisha leo, unaenda na nduthi yako, na mimi nabaki nje ya kesi." Nimemwambia aje naye aseme aliyemwuzia. Amekaa pale nje bado.

Madam ameniuliza, kabla ya kufungua bahasha ya vitu vilivyotolewa kwa mshukiwa, nieleze sindano ikoje. Nimemwambia ina mfuo mmoja, washa mbili za shaba, na moja imeliwa ubavu. Amefungua, ameangalia. Ametazama tena.

Kisha ameniuliza kama naelewa kwamba nikieleza hivi, pikipiki itabaki hapa kituoni kama kizibiti mpaka kesi ya aliyeiiba iishe, na hajui itaisha lini. Nilipotoka Endebess nilikuwa nimemtumia mama ujumbe kwamba naja nayo. Nimechoka, Madam, na safari ya Kabuchai ni ndefu kwa mtu wa kibarua. Lakini Rotich angeweza kutoa washa moja, akamrudishia Tonny pikipiki yake, na mimi nisingejua maisha yangu yote. Jicho lake moja sasa halifunguki. Kwa hiyo nimesema ikae. Mama nitamweleza mimi mwenyewe, na ananijua.

Sina malalamiko yoyote juu ya Kipkemboi Rotich. Ninaomba aachiliwe.

Niliyoyajua na niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimeyakubali, isipokuwa nimeomba neno moja liongezwe, kwa sababu Rotich yuko ndani na hajui kama nimekuja. Neno lenyewe ni asante. Nimeomba asomewe.

Sahihi: B. Khisa

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi. Kizibiti kimelingana na alivyokieleza kabla ya kukiona. Baada ya kushauriana na mkuu wa kituo, Kipkemboi Rotich ameachiliwa bila mashtaka na atakuwa shahidi. Tonny ameingia mwenyewe saa sita na robo kuandikisha maelezo yake. Neno la mwisho la shahidi nimemsomea Rotich selo, kabla hajatoka, kama lilivyoombwa. Ameomba nilisome tena, nami nimelisoma.

Konstebo Linet Jerono