Sahani ya Kaka Ramadhani

Bukoba, gatini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la kahawa, miguu bado ina matope ya Ngenge. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika. Goti lako je? Na yule mbuzi mkorofi bado anatafuna mkeka wako?

Mama, nina habari za kaka Ramadhani. Mwaka wa tatu sasa napakia kahawa melini na kumuulizia, na hiki kilichotokea bado nakiona kama ndoto, kwa hiyo niache nisimulie polepole.

Mvua ilinyesha mpaka tukasahau rangi ya jua. Bonde la Ngenge likawa ziwa. Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, akaja gatini kutafuta makuli wa kupeleka unga na mablanketi. Nilikwenda kwa sababu mchuuzi mmoja aliwahi kuniambia alimwona mtu wa Ujiji pande zile.

Lori lilisimama Izigo kupokea msaada. Watu walitoka migombani kwenye ukungu, kimya, kila mmoja na mkungu wa ndizi kichwani, hata nikadhani migomba yenyewe inatembea. Mwenzangu Paulo, Mhaya, akanicheka: "Mswahili, funga mdomo, pokea ndizi!"

Bondeni tulipita kwa mtumbwi juu ya mashamba. Nilitazama chini nikaona ua wa nyumba, njia, kinu kimesimama, vyote vimetulia majini kana kwamba wenyewe wangerudi jioni. Kila kilima tulichofika niliuliza, na Paulo akatafsiri: "Kuna mgeni hapa, mtu wa Ujiji?" Wakajibu, "Hapa hakuna mgeni." Siku tatu, jibu ni hilo hilo. Nikaanza kukutungia maneno ya msiba, mama. Nisamehe.

Siku ya nne bibi mmoja alipokea blanketi, akafungua kifuko akatupa buni kavu tutafune. Ndiyo desturi yao kwa mgeni, na nyumba yake ilikuwa chini ya maji. Paulo akamuuliza kama kuna aliyepotea kwake.

"Mwanangu Ramadhani. Alirudi kufuata mbuzi, siku ya pili leo."

Paulo akaninong'oneza, "Kina Ramadhani ni wengi, ndugu yangu."

Bibi akaendelea, "Anakula kwa mkono wa kushoto. Nimeupiga mpaka nimechoka."

Mama, si wewe uliyeanza kuupiga mkono huo?

Kumbe kaka alichanjana udugu wa damu na mtoto wa bibi huyu, ambaye sasa ni marehemu. Waligawana buni moja, kila mtu akameza nusu yenye damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo yeye ni mtoto wa nyumba. Mimi nilikuwa nauliza mgeni, nao walisema kweli.

Bibi aliingia mtumbwini kabla yetu. "Bibi, utazama!" Paulo akasema.

"Nizame vipi? Hili ni shamba langu."

Tulimkuta kaka juu ya kichuguu pamoja na mbuzi wanne, amekonda, ndevu zimefika kifuani. Hakuuliza nimefikaje. Aliuliza, "Mama bado ananiwekea sahani?"

Nikamjibu, ndiyo, kila jioni, na kawa juu yake. Akalia, na mbuzi wakalia naye.

Nimerudi mjini kufuata unga, kesho tunaondoka tena. Maji yakipungua nitamsaidia kaka kumwezekea bibi nyumba, kisha tutakuja wote wawili. Buni zilizomo ndani ya barua zimetoka kwa bibi. Amesema ni za mama mwenzake. Zitafune, usizitupe.

Nisalimie dada Mwanaidi, na mjomba kinyozi, na mwalimu aliyekata tamaa na mwandiko wangu. Mwambie bado hausomeki.

Na ile sahani, mama. Mimi sipo hapo miaka mitatu, sijui. Kama ulishaacha kuiweka, iweke leo, usinifanye mwongo kwa kaka yangu.

Mwanao,
Sefu